Baba, Mjomba na Injini Iliyoitwa Bi Mdogo

Baba yangu alifanya kazi moja kwa miaka thelathini na mmoja: kuunganisha mabehewa katika kiwanda cha saruji. Ukimwuliza kazi hiyo ikoje, anakujibu, "Nilikuwa mshenga. Namkutanisha huyu na yule, wakishashikana natoka katikati haraka."

Na ndivyo ilivyokuwa. Injini inarudi nyuma taratibu, behewa limesimama linaisubiri, Baba ameinama kati yao na mnyororo mkononi. Vyuma vikigusana anautupia mnyororo kwenye ndoano, anaukaza, anachomoka. Mara arobaini kwa siku, na siku za mzigo mwingi hata sitini. Wenzake walimwita Ndoano. Jina likamganda mpaka mtaani, nasi wanawe tukawa watoto wa Ndoano, hata shuleni.

Kiwanda kilikuwa na injini mbili za mvuke. Ile kubwa, iliyotoka na mzigo mpaka reli kuu, iliitwa Bi Mkubwa. Ndogo ikaitwa Bi Mdogo, na watu walimsema kama mtu kabisa: leo kaamka vibaya, leo kanuna, leo mwacheni. Alikuwa na magurudumu sita, matangi ya maji yamelikumbatia boila huku na huku, na bomba la moshi fupi kama shingo ya mtu aliyenyeshewa. Hakuwahi kutoka nje ya uzio. Maisha yake yote yalikuwa kilomita mbili na nusu, kutoka machimboni hadi kwenye tanuri la saruji, kutoka kwenye tanuri hadi ghala la mifuko, kisha anageuza na kuanza upya. "Bi Mkubwa anasafiri," wafanyakazi walisema, "Bi Mdogo ndiye anayeosha vyombo."

Dereva wa Bi Mdogo alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama, tumbo moja. Baba ndiye aliyemwingiza kiwandani, akaanza kwa kutupa makaa tanuruni mwa injini. Alikuwa na mkono mwepesi na sikio zuri, na baada ya miaka michache akampita cheo aliyemleta. Siku aliyopewa udereva, Baba alimpokea pale uani kwetu, akavua kofia, akainama kama anayemwamkia meneja. Mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

Kazini hawakuweza kusikizana kwa kelele, kwa hiyo waliongea kwa mikono. Mkono ukizungushwa, njoo. Kiganja kikishuka chini, polepole. Mikono yote miwili juu, simama, roho ya mtu iko hapa. Mama alisema mumewe na mdogo wake wanaelewana kuliko mapacha.

Nilikuwa na miaka tisa siku Baba alipoumia. Ilikuwa asubuhi, saa nne. Alikuwa ameingia katikati kutoa mnyororo uliokwama, hajatoa ishara yoyote, na Bi Mdogo akasogea. Hakusogea sana. Nusu ya hatua ya mtoto, Baba alisema. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa pale, na vidole viwili, kile cha mwisho na jirani yake, vikabaki pale pale.

Uongozi ukaunda kamati. Watu watatu nyuma ya meza, na mashahidi wanaitwa mmoja mmoja, mlango ukifungwa. Baba aliingia na bandeji. Aliulizwa, "Ulitoa ishara injini isogee?" Akajibu, "Sikutoa." Hakuongeza neno. Mjomba naye aliulizwa kama aligusa wenzo wa mvuke, ule unaofungulia mvuke ukasukume magurudumu. Akajibu, "Sikuugusa." Kesho yake mafundi waliipima vali ya mvuke inayofunguliwa na wenzo huo, injini ikiwa imepoa, wakaikuta imefunga barabara. Basi kamati ikapiga hesabu yake: aliyekuwa chini hakutoa ishara, chuma ni kizima, mkosaji ni aliyekuwa juu. Mjomba akashushwa. Miaka miwili alizoa majivu chini ya injini aliyokuwa akiiendesha, huku dereva mwingine akimpitia kichwani.

Watu wana midomo. Wakamnong'oneza: shemeji yako kakuangusha kwa wivu, umempita cheo. Mjomba aliamini. Baba naye alikuwa na lake. Siku kumi alizolala hospitalini alikuwa akitazama mlango, na Mjomba hakuja. "Kukosea ni kwa kila mtu," alimwambia Mama. "Lakini hata pole?"

Pole haikuja, na maelezo hayakuombwa. Wakaacha kusemezana.

Mjomba aliendelea kuja kwetu, lakini kwa kuvizia. Alikuja Baba akiwa zamu, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akanywa chai haraka, akatuuliza masomo, akaondoka. Baba akirudi anaona vikombe viwili vimeoshwa na kuinamishwa, haulizi. Ndani ya vyumba vyetu viwili vya kota, ambamo hata kikohozi hakikuwa na siri, jina la Mjomba likawa linazungukwa kama shimo njiani.

Baada ya ile miaka miwili kiwanda kilimrudisha kwenye usukani, kwa sababu hakuna mwingine aliyemweza Bi Mdogo. Madereva wawili walijaribu. Mmoja moto ulimzimikia katikati ya machimbo, wa pili aliomba mwenyewe kuhamishwa. Hivyo asubuhi moja Baba akajikuta tena amesimama relini, na juu dirishani yuko shemeji yake.

Kazi haikuhitaji mdomo. Baba akazungusha mkono, Mjomba akaja. Baba akashusha kiganja, akapunguza. Vyuma vikagusana. Sasa Baba alitakiwa kuingia katikati. Alisita, akatazama juu.

Mjomba alikaza breki ya mkono mpaka ikagoma kuzunguka zaidi. Kisha akatoa mikono yote miwili nje ya dirisha, viganja wazi, akaiacha ikining'inia pale Baba aione. Hakuirudisha ndani mpaka Baba alipotoka upande wa pili.

Jioni ile Baba alirudi na hasira. "Ananidhihaki," alimwambia Mama. "Ananionyesha mbele ya watu kwamba mimi ndiye ninayesema uongo. Tazameni, mikono yangu hii hapa, msije mkanisingizia tena."

Mama alikuwa anakung'uta ovaroli kwenye nguzo ya baraza, vumbi la saruji linaruka. "Au anakuonyesha usiogope," akasema.

"Wewe ni dada yake."

"Na wewe ni mume wangu. Nimekaa katikati yenu kama huo mnyororo wako, sina pa kuchomokea."

Miaka tisa Mjomba alifanya vile. Kila Baba alipoingia katikati, mvua ama jua, mikono miwili nje ya dirisha. Mtupa makaa wake alimcheka: "Dereva, unaanika?" Aliiacha pale pale. Na polepole Baba aliacha kukasirika. Mama aligundua kuwa hata siku za mafua hakubali kukaa nyumbani, kwa sababu, alisema, yule mbadala wake hana utulivu, anaweza kumharibia dereva kazi. Hakusema dereva huyo ni nani. "Nyinyi mnaongea kutwa nzima kwa mikono," Mama alimwambia. "Huo mdomo umewakosea nini?"

Kisha injini za dizeli zikaja. Bi Mkubwa alikatwakatwa kwa gesi ndani ya wiki moja, akabebwa vipande vipande kwa lori. Bi Mdogo alisukumwa hadi nyuma ya ghala la mifuko, kwenye kipande cha reli kisichokwenda popote, akaachwa kwenye nyasi kungoja zamu yake. Mjomba alistaafishwa. Baba akahamishiwa ghalani kuhesabu mifuko.

Ndipo nyumba yetu ilipopoa kweli. Sikujua kabla ya hapo kwamba zile ishara za relini ndizo zilizokuwa zikimshikilia Baba. Sasa hakuwa na namna yoyote ya kumwambia Mjomba njoo, wala simama. Alikuwa akikaa barazani jioni, mkono wa kulia unacheza juu ya goti.

Kila Ijumaa, akitoka ghalani, alipita kwa Bi Mdogo na tambara la grisi. Alifuta vyuma vinavyozungusha magurudumu ili kutu isishike. Alitegemea kukuta ameharibika zaidi kila wiki, maana wezi wa shaba walikuwa wengi, lakini akaanza kuona mambo. Mdomo wa bomba la moshi ulikuwa umefunikwa kwa sufuria kuukuu, ukafungwa kwa waya, mvua isiingie. Saa ya kupimia mvuke haikuwepo, na mahali pake palizibwa kwa kigingi cha mti kilichochongwa vizuri, kwa kipimo. Mwizi hachongi kigingi.

Baba hakuuliza. Mjomba, aliyekuwa akija Jumanne kwa njia ya nyuma ya uzio na saa ile ya mvuke ameificha chini ya kitanda chake, naye alikuta vyuma vimepakwa grisi na hakuuliza. Aliyejua ni Mama peke yake. Ijumaa alifua shati la mumewe lenye grisi nyeusi. Jumatano mdogo wake alikuja na grisi ile ile kwenye kucha. Akaiatamia siri hiyo miaka minne. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakusema, alinijibu, "Ningesema, wangeona aibu, wakaacha."

Mwaka wa nne uongozi ulitangaza kuuza chuma chakavu chote, Bi Mdogo akiwemo. Siku chache kabla ya wakataji kuja, mwalimu wa mitambo wa chuo cha ufundi alimwendea meneja. Alikuwa mama mfupi wa miwani, mwenye sauti ya kuzima kelele za karakana. Aliomba apewe ile injini iwe ya kufundishia. Meneja alikubali, ila aiondoe mwenyewe. Mwalimu akauliza mlinzi wa geti, nani anaijua injini hii? Mlinzi akamtajia watu wawili na mahali wanapokaa. Hakumwambia jambo jingine lolote, na mpaka leo sijui kama alisahau au alifanya makusudi.

Mwalimu alikuja kwetu kwanza. Baba alikubali kabla hajamaliza kueleza. Akaenda kwa Mjomba, naye vivyo hivyo. Jumamosi ya kwanza, Bi Mdogo akiwa ameshafikishwa kwenye karakana ya chuo, Baba alifika saa mbili kamili akamkuta Mjomba ameshavua shati.

Walitazamana. Hakuna aliyeondoka.

"Mwalimu," Baba akasema, "mwambie huyo bwana anisogezee spana ya ishirini na mbili."

Mwalimu akainua kichwa. "Bwana yupi? Hapa kuna mabwana wawili, na mmoja ni wewe."

"Mwalimu," Mjomba akasema, "mwambie aliyeuliza kwamba nati ile ni ishirini na nne."

Ilikuwa kweli ni ishirini na nne. Waliendelea hivyo Jumamosi tatu, mwalimu akipokea huku na kutoa kule. Jumamosi ya nne alichoka. "Mimi nimeajiriwa kufundisha mitambo," akasema. "Sikuajiriwa kuwa simu." Akahamia upande wa pili wa karakana akawaacha, nao wakafanya kazi kimya, wakinyoosheana vidole.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo walifika kwenye vali ya mvuke, iliyofichika ndani ya kile kichuguu cha chuma juu ya mgongo wa boila. Mjomba aliifungua, Baba akaipokea chini. Ilikuwa sahani ya shaba, nzito, kubwa kama kisosi. Mwalimu aliisugua ikang'aa, akaileta dirishani, akavua miwani, akavaa tena.

"Hii ina ufa," akasema.

Baba hakuuona. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Mwalimu aliipasha kwa moto wa gesi, taratibu, dakika kadhaa, halafu akaishika kwa koleo akawaonyesha. Sasa ufa ulikuwa umefunguka kama jicho la mtu anayejifanya amelala, na ulivuka sahani kutoka ndani hadi ukingoni.

"Ikipoa inafunga," mwalimu akasema. "Ukiipima baridi, utasema nzima. Ikipata moto vizuri na boila likijaa, inavujisha mvuke hata ukiwa umeifunga."

"Yaani," Baba akauliza, "injini inaweza kusogea pasipo mtu kugusa kitu?"

"Kama breki haijakazwa sana, inaweza. Kidogo."

"Nusu ya hatua ya mtoto."

Mwalimu hakuelewa kipimo hicho, lakini alisema ndiyo, inawezekana. Akawatazama wote wawili, akaweka koleo chini, akasema anakwenda ofisini kutafuta karatasi. Hakuna karatasi aliyorudi nayo.

Mjomba alikuwa ameshuka, ameketi kwenye sanduku la vifaa, mikono katikati ya magoti. Akasema, bila kumpitia mtu yeyote, "Nilisema sikuugusa."

"Hukuniambia mimi," Baba akajibu. "Uliwaambia wao."

"Na wewe uliwaambia wao."

"Niliambiwa nijibu nilichoulizwa. Waliniuliza kama nilitoa ishara. Sikutoa, shemeji. Ningesema nini?"

Neno lile, shemeji, lilikuwa limekaa miaka kumi na mitano bila kutumika. Mjomba alijifuta uso kwa kitambaa cha mafuta, akajipaka weusi tangu paji mpaka kidevu.

"Nilifika hospitalini," akasema. "Mara mbili. Nilifika mpaka kwenye korido. Nikajiambia, nikiingia nitampa pole, na nikimpa pole atajua nimekiri. Na mimi sikufanya."

Baba akaenda akaketi kwenye ncha nyingine ya sanduku lile lile.

"Nionyeshe huo mkono," Mjomba akasema. "Miaka yote hii nimeuona kwa mbali tu."

Baba akampa. Mjomba aliushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akapitisha kidole gumba pale penye kovu kama mtu anayepapasa chuma kutafuta kasoro.

"Bado unauma?"

"Siku za baridi." Baba akamwona anataka kulia, akaongeza haraka, "Usijali. Nimebaki na nane. Mimi tangu shuleni hesabu zangu hazikuwahi kuvuka hapo."

Baba alinisimulia haya mwenyewe, na Mjomba akanisimulia tena kwa upande wake, na ninyi mtaniwia radhi nikisema yalilingana kila neno isipokuwa moja: kila mmoja anadai ni mwenzake aliyelia.

Jioni ile walirudi kwetu pamoja. Mama alikuwa jikoni. Aliwasikia mlangoni wakibishana, mwenye mguu mchafu apite wapi, akazima jiko, akasimama pale pale amegeukia ukuta. Kisha akatoka na vikombe vitatu.

Ningependa kuwaambia kwamba Bi Mdogo alipumua moshi tena. Haikuwa hivyo. Mkaguzi wa maboila alikuja na nyundo yake ndogo, akagonga boila sehemu baada ya sehemu huku ameinamisha sikio, akafika karibu na tanuru akasimama. Bamba lilikuwa limelika. "Moto hapana," akasema. "Atawaua." Baba alihuzunika sana. Mjomba akamfariji kwa namna yake: "Mimi mwenyewe daktari kanikataza chumvi, na bado niko hai."

Mwalimu ndiye aliyepata njia. Waliunganisha mashine ya upepo, ile ya kujazia matairi ya malori, wakaielekeza hewa mahali pa mvuke. Chuo kilitandika reli hatua hamsini uani. Vali mpya ilichongwa na mwalimu mwenyewe. Ile yenye ufa wakataka kumpa Baba, akakataa, akasema iende kwenye kabati la darasani wanafunzi waione. Mjomba akatoa saa ya mvuke chini ya kitanda na kung'oa kile kigingi. Siku Bi Mdogo alipotembea hatua zake hamsini, polepole, akikohoa upepo badala ya mvuke, wanachuo walipiga makofi na meneja wa kiwanda alikuja kupigwa picha.

Mama hakuja siku hiyo. Alisema hapendi umati. Alikuja wiki iliyofuata, Jumatano, chuo kikiwa kimya, amevaa viatu vyake vya kutokea. Kumbe katika maisha yake yote hakuwahi kumwona Bi Mdogo kwa karibu. Wanawake hawakuruhusiwa ndani ya uzio wa kiwanda isipokuwa wa ofisini. Alimjua kwa masizi ya nguo tu, na kwa honi ya saa sita.

"Mbona mdogo hivi?" akasema.

"Ndiyo maana ya jina, dada," Mjomba akajibu.

Ngazi ilikuwa na vidato vitatu na goti la Mama halikuwa zima. Baba alimshika upande huu, Mjomba akamvuta kutoka juu, na baada ya kupumzika mara moja akafika, Baba akapanda nyuma yake. Mjomba aliufuta ubao wa dereva kwa shati lake, Mama akaketi. Akatazama nje ya dirisha. Akashika wenzo mmoja, akauachia. Akauliza kibomba kile chekundu ni cha nini.

"Cha kumwaga maji," Baba akasema.

"Cha mafuta," Mjomba akasema wakati huo huo.

"Shemeji, mimi nilikiona kikimwaga maji miaka thelathini."

"Ulikiona kutoka chini. Mimi nilikuwa juu."

Wakaanza. Mama aliwasikiliza kidogo, yule mmoja ameshika kibomba, mwingine ameshika kibomba. Halafu akawaambia washuke wote wawili, wakabishanie huko chini, wamwache akae.

Wakashuka. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa karakana, nikamwona anavua kitambaa cha kichwa, anakikunja, anakiweka mapajani, na kuegemea chuma kama mtu aliyefika.